Nguo Zilizolala Ardhini

Madamu hakuweza kupita chini ya mti bila kusimama. Mngekuwa mnaenda msibani, mmechelewa, jeneza limeshatolewa ndani, yeye anainama njiani kuokota jani la mkaratusi, analigeuza, analinusa, analitia kwenye pochi. Ukimwambia, "Madamu, watu wanatusubiri," anakujibu kwamba marehemu ndiye mtu pekee pale asiye na haraka. Nilitembea naye misiba mingi, harusi nyingi na vikao vya akina mama visivyohesabika, na sikumbuki hata mara moja tuliyofika kwa wakati.

Karatu nzima ilimwita Madamu. Alikuwa amefundisha sayansikimu shule ya msingi kwa miaka mingi, wasichana akiwafundisha kushona vifungo na wavulana kupika uji, na hata watu ambao hawakukaa darasani kwake walimwamkia kwa jina hilo. Marehemu mume wake naye alimwita Madamu, tena kwa woga kidogo. Mimi ni muuza vitambaa. Duka langu la vitenge na mapazia liko karibu na soko, nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa michongoma, na kwa kuwa wote tulitoka Kilimanjaro, yeye Rombo na mimi Machame, watu walidhani ni ndugu. Hatukuwa ndugu. Tulikuwa majirani, na ujirani una kazi zaidi.

Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, walimu wenzake walifuga kuku au walifungua genge la nyanya. Yeye alianza kuzika nguo.

Nieleze kazi yenyewe, maana usipoielewa utamwona kichaa, kama nilivyomwona mimi kwa muda mrefu. Alinunua kwangu marekani, ile pamba nyepesi isiyo na maua ambayo watu wengi huikumbuka wakifiwa tu. Aliiloweka kwenye maji yaliyolowekewa maharage, akaianika, akaitandaza mezani, na juu yake akapanga vitu alivyookota: majani ya mgrivea na ya mkaratusi, maganda ya vitunguu vya Mang'ola aliyoyazoa sokoni, magome yaliyodondoka, nati zenye kutu kutoka gereji za magari ya watalii. Kisha aliiviringisha kwenye kijiti, akaifunga kamba mpaka ikakaza, akachimba shimo, akaizika. Mvua zinanyesha, zinakatika, yeye anafukua, anakata kamba, anakunjua, na pale kwenye marekani unakuta majani yamejichora yenyewe, mishipa na yote, kwa rangi ya kutu, ya asali, ya moshi. Hapo ndipo alipoanza kushonea mbegu za porini, nyuzi za mkonge na miiba ya nungunungu, akaitundika ukutani. Yeye alisema ni sanaa. Mimi nilisema ni kuharibu marekani nzuri. Tulirudia maneno hayo kila alipokuja dukani, wala hatukuyachoka.

"Mama Elia," angeniambia, amesimama mlangoni, anavitazama vitenge vyangu vipya toka juu mpaka chini, "hizi si rangi. Hizi ni kelele."

"Kelele zinanunuliwa, Madamu. Hizo zako zinanunuliwa?"

"Zangu haziuzwi."

"Si ndiyo maana nauliza."

Na kumbe maneno hayo anayasema akiwa amevaa gauni la nailoni la waridi lenye vifungo vikubwa vya dhahabu, na juu yake sweta la kijani la mtumba. Madamu alivaa rangi ambazo hata mimi nisingethubutu kuziweka dirishani. Nilipomuuliza kwa nini havai hizo nguo zake za majani, alishangaa kabisa. Alisema nguo zake ni za kutazamwa, na kwamba mtu akivaa kitu kizuri hawezi kukiona, wanakiona wengine, sasa faida yake nini? Jibu hilo nililifikiria siku nzima, nikaliona lina akili, nikakasirika.

Alikuwa na sheria zake, na aliishi nazo kama mtu aliyekula kiapo. Hakukata tawi bichi. Hakuvunja ua. Alichukua kilichoanguka, au kilichokuwa kinaelekea kuanguka, na kwa hicho cha pili alikuwa radhi kusimama chini ya mti akisubiri. Watoto waliotoka shule walimkuta amesimama, ameinua uso, mikono nyuma, wakamwamkia, "Shikamoo Madamu," naye akaitikia, "Marahaba," bila kushusha macho. Kuna walioamini anasali. Mzee mmoja Mmasai aliyekuja mnadani na ng'ombe wake alimtazama kwa muda, kisha akamwuliza, kwa lile neno lao la kumwita mama, "Yeyoo, umepoteza nini huko juu?" Madamu akamwambia anasubiri jani. Yule mzee akaegemea fimbo yake, akasubiri naye. Jani lilipoanguka, aliliokota, akampa, akaendelea na ng'ombe wake. Madamu alimsifu mtu huyo kwa miaka. Kila mara nilipomharakisha alinitajia yule Mmasai.

Lakini huyo huyo aliyeogopa kuvunja jani la mti wa serikali hakuwa na huruma hata chembe kwa mali za binadamu wenzake. Sufuria langu la pilau lilikwenda kwake kuchemshia magome, likarudi jeusi ndani na nje. Mafundi gereji walijifunza kuficha nati hata zile nzima. Na mabasi! Binti yake alikuwa muuguzi Wasso, kwa hiyo mara kwa mara Madamu alipanda basi kwenda kumwona, safari ya kutwa nzima ya vumbi na makorongo, na kila mara alirudi na gunia. Safari moja nilikuwa naye. Konda alilishika gunia, likamshinda.

"Mama, humu umebeba nini?"

"Udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa Wasso."

Konda alitutazama sisi sote tuliokuwa tunapanda, kama mtu anayetafuta mashahidi. "Kwani Karatu udongo umekwisha?"

Akamweleza, palepale mlangoni mwa basi, watu wamebanana nyuma yake, kwamba udongo wa Wasso unaleta kahawia, wa Buger unaleta wekundu, na tope la mifereji ya Digodigo linaleta weusi ambao hakuna kiwanda kinachouweza. Konda alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, panda tu. Panda na udongo wako."

Safari hiyohiyo tulipata pancha juu kabisa, kwenye msitu wa ukingo wa kreta, kwenye ile baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Abiria wote tulijikunyata. Madamu alitoweka. Alirudi amejaza kanga kwa zile ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye miti ya kule juu, akaapa kwamba ameziokota kwenye matawi yaliyoanguka. Getini askari aliingia kukagua, akaona kanga, akafungua.

"Shikamoo Madamu," alisema, maana alikuwa mwanafunzi wake. "Hizi ni mali ya hifadhi."

"Zilikuwa chini, mwanangu."

"Hata zikiwa chini. Wewe si ulinichapa kwa kuokota ua kwenye bustani ya shule? Nilikwambia lilikuwa chini, ukasema ua la shule ni la shule hata likiwa chini."

Basi zima lilicheka. Madamu alikabidhi ndevu zake, akakaa, akaangalia dirishani mpaka Karatu. Alimnunia yule kijana kwa muda wa kutosha. Halafu Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, akasimama kanisani akamsifu mbele ya watu kuwa ni mtumishi mwaminifu wa serikali. Alipokaa aliniinamia akaninong'oneza kwamba hata hivyo zile ndevu zingetoa njano nzuri sana.

Watalii nao walimpata, maana hakuna kitu Karatu ambacho watalii hawakipati. Dereva mmoja, kijana wa Arusha, alimletea mzungu aliyeona nguo yake imetundikwa kibarazani. Mzungu alifurahi, alipiga picha, akauliza kama anaweza kumwekea tembo pale katikati.

"Mama, mwekee tu," dereva alimbembeleza. "Aisee hawa wageni wanataka Bigi Faivu. Weka simba, weka tembo, tunafanya biashara hapa."

"Mwambie tembo wako bondeni, na wewe ndiye unayelipwa kumpeleka. Hapa kuna majani."

Dereva aliondoka akitikisa kichwa. Nilikuwa nimesikia yote kutoka upande wangu wa ua na nusura niruke michongoma nikamwekee yule mzungu tembo mimi mwenyewe.

Sasa mtu wa namna hii unajiuliza alikuwa anatafuta nini. Nami nilijiuliza, mpaka siku alipoingia dukani akataka marekani ndefu, bila kiungo, akaniambia ya nini. Kanisa letu lilikuwa linajengwa upya. Lile la zamani la mabati lilikuwa limetuchosha kwa vumbi na kelele za mvua, na jipya lilikuwa limefika kwenye lenta. Madamu alitaka madhabahu ya kanisa jipya ivalishwe nguo yake: nguo moja kubwa, vipande vimezikwa kila mahali watu wetu wanapolima, udongo wa kila kijiji, majani ya kila shamba, vimeshonwa pamoja.

"Watu wanaleta sadaka ya mahindi, ya maharage, ya vitunguu," alisema. "Ardhi yenyewe haijawahi kuingia kanisani ila kwenye viatu."

Sikuwahi kumwona akitaka kitu namna ile. Hakutaka fedha, hakutaka sifa, tembo aliwakataa. Hiki alikitaka mpaka sauti ilimtetemeka kidogo. Nikamkatia marekani, nikamzidishia kidogo, na mimi si mtu wa kuzidisha.

Tatizo lilikuwa mashamba. Uani kwake palikuwa na udongo wa aina moja, na alihitaji wa kila aina. Akaanza kuzunguka akiomba ruhusa ya kuzika kifurushi kimoja hapa, kimoja pale. Alizika mchana kweupe, na kofia yake ya jua, akiimba tenzi kwa sauti ya juu. Watu wa kwanza walimkubalia kwa heshima tu, maana aliwahi kuwachapa.

Halafu wezi wa mahindi wakaingia.

Mwaka huo waliiba kila upande, wakavuna usiku kwa magunia, lakini mashamba yaliyokuwa na vifurushi vya Madamu hawakuyagusa. Mimi nasema ni bahati, au labda wezi walimwona akizika. Ukikutana na mwanamke anafukia kitu kilichofungwa kamba, ndani kuna majani, magome na misumari, huulizi ni sanaa ya aina gani. Unaacha mahindi yake na ya jirani yake. Habari zikatembea. Punde watu wakaanza kuja dukani kwangu kununua marekani, watu ambao tangu nifungue duka hawajawahi kununua hata leso. Wanataka kipande kidogo tu. Wanaongea taratibu. Wanaume wazima wanaangalia chini.

"Ni ya Madamu," wananiambia. "Nataka anisaidie ile kazi yake. Kule shambani."

Yeye aliwaambia wote ukweli. Mimi ni shahidi, nilimsikia mara nyingi. "Hii ni sanaa. Haina nguvu yoyote. Haizuii mwizi, haizuii hata mbuzi." Wao wakatabasamu, wakakonyezana, wakasema, "Tunaelewa Madamu, tunaelewa." Mama mmoja wa Endabash alimwambia kwa kuridhika kabisa, "Ndivyo wanavyosema wote wenye uwezo." Wengine wakamwomba aje usiku. Akawaambia usiku analala.

Na yeye akakubali kuzika. Nilimwambia, "Madamu, hawa wanadhani wewe ni mganga." Akanijibu kwamba amewaeleza, na mtu aliyeelezwa akakataa kuelewa amefeli mwenyewe. Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza, "Na una habari shamba la yule baba lina udongo wa majivu, Mama Elia? Wa majivu kabisa!" Macho yalimng'aa. Sharti lake lilikuwa moja: kila mwenye shamba alete kamba yake, kwa kuwa yeye hanunui kamba.

Mmoja wa waliokuja dukani kwangu kwa sauti ya taratibu alikuwa mzee wa kanisa. Simtaji, ila nitasema alikuwa mkubwa wa wazee wenzake, na sauti yake kwenye kwaya ilikuwa ya besi. Alinunua marekani, akaikunja mara nyingi sana, akaitia ndani ya koti. Alisema ni ya kuchujia asali. Hakuwa na mizinga.

Huyo mzee alikuwa na kibarua mpya kutoka Singida, kijana mkimya, mcha Mungu. Siku moja akilima maharage, jembe likagonga kitu. Akakitoa: kifurushi, kamba imekaza, jani jeusi limechungulia pembeni. Kijana alitupa jembe, akakitundika kwenye ncha ya fimbo, akakimbia nacho moja kwa moja mpaka kwa mchungaji, akipiga kelele njia nzima kwamba bwana wake amerogwa. Alipofika kanisani alikuwa na msafara. Mimi mwenyewe nilifunga duka.

Mzee akaitwa. Sasa alikuwa na njia mbili, na akachagua ile mbaya. Alikitazama kifurushi, akashika kifua, akasema kwa besi yake yote kwamba ni kweli, amekuwa akisikia uzito mwilini, na kwamba hakuna asiyemjua anayezika vitu vya namna hiyo katika mji huu.

Kikao cha wazee kiliitishwa kanisani, na kwa kuwa milango ilikuwa haijawekwa, watu wote tuliingia. Madamu aliketi mbele na gauni lake la waridi. Ikaelezwa kwamba akionekana na hatia atatengwa, hatashiriki meza ya Bwana, na ile nguo ya madhabahu isahaulike. Wakamwuliza ni kwenye mashamba ya nani mengine amezika. Nikatupa jicho kwenye viti vya wazee. Wengi wao walikuwa wateja wangu wa marekani, na kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kuvutia sana kwenye sakafu.

"Sikumbuki," alisema Madamu.

Madamu, aliyekumbuka jina la kila mwanafunzi aliyemfundisha na jani lipi aliliokota siku ya msiba wa nani! Niliuma kanga yangu nisipige kelele.

Mchungaji, kijana mwenye busara, akasema kabla ya yote tukione hicho kitu. Akaomba, akachukua kisu, akakata kamba, akakunjua. Kanisa lote likavuta pumzi. Ilikuwa marekani, na juu yake majani ya mgrivea yamejipanga kwa rangi ya kutu, mbavu zote zinaonekana, na kingo zimeingia wekundu wa lile shamba. Nasema ukweli, na mimi nimeuza vitambaa maisha yangu yote: ilikuwa nzuri. Wa kwanza kusema alikuwa mama mmoja kwenye viti vya nyuma. Alikuwa mke wa mzee wa kanisa, na hakuwa anaitazama nguo. Alikuwa anaitazama kamba.

"Baba Ester!" alisema. "Hiyo si kamba ya ndama wetu?"

Mzee akakohoa.

"Si ile yenye kitambaa chekundu, niliyoifunga mwenyewe? Si ulisema imeibiwa? Si nimemsema huyu mtoto wa watu mwezi mzima kwamba ni mwizi wa kamba?" Kijana wa Singida akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Kamba yetu imefikaje kwa Madamu, Baba Ester?"

Kicheko kilianzia mlangoni kikaja mbele. Mchungaji aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mzee alikaa taratibu kama gunia linaloshushwa. Lakini Madamu hakucheka. Alisimama, akangoja mpaka tukanyamaza, kama darasani.

"Niliwaambia hii ni sanaa," alisema. "Hamkuniamini, na nilijua hamniamini, na bado nilizika, kwa sababu niliutaka udongo wenu. Hilo ndilo kosa langu. Uganga sina. Uroho wa udongo ninao, na kwa huo nihukumiwe."

Hawakumtenga. Walimwomba kijana wa Singida msamaha, wakamshauri mzee apumzike uongozi kidogo, na kwa ajili ya amani, ndivyo walivyosema, kwa ajili ya amani, wakaamua kwamba nguo zilizolala ardhini zisipande madhabahuni. Watu wangesema. Baraza la akina mama likaagiza mahameli nyekundu kutoka dukani kwangu. Niliiuza. Ni kazi yangu. Ila nilipokuwa naikata, Madamu alipita nje, akatazama, akasema, "Ina kelele, lakini imekatwa vizuri," akaendelea na safari yake. Nililia nyuma ya mapazia, nikiwa nimekasirika kiasi cha kutaka kumrukia mzee mmoja baada ya mwingine.

Hakuitaja nguo ile tena. Miaka ikapita, lami ikafika, simu za mkononi zikafika, yeye akauza nyumba akahamia kwenye shamba lake Buger, kwa kuwa huko, alisema, majani yanaanguka mengi. Mimi nilipata jirani mwingine, ambaye ni mtu mzuri na hana cha kusimulia. Kwa Madamu nikawa napita mara chache, nikimpelekea sukari na marekani. Aliagiza marekani nyingi, nikamletea bila kuuliza.

Mara ya mwisho nilikwenda nikiwa nimetumwa. Mahameli ilikuwa imepauka upande wa dirishani mpaka imekuwa rangi ya nyama iliyochemshwa, mchungaji mpya alikuwa amesimuliwa habari yote, naye akasema ni aibu, Madamu aombwe ile nguo, tuiweke mahali pake. Wazee wengi wa kile kikao walikuwa wamekufa au wamesahau. Nilikwenda nimejaa furaha. Njia nzima nilijiona nambebea zawadi kubwa.

Nilimkuta ameketi kibarazani na sweta la kijani, magoti yamemkataa, anachambua majani kwenye ungo. Nikampa ujumbe. Nilitegemea atalia.

"Nguo gani?" aliuliza.

"Ya madhabahu, Madamu. Ile kubwa."

"Ah, ile. Haipo. Niliikata."

Nikamsogelea. Akaniambia sogea, nisimkingie jua.

"Niliikata mbeleko," alisema. "Mama akijifungua, nampelekea uji na mbeleko. Nilianza na vipande vya ile, vilipokwisha nikazika vingine. Ndiyo hiyo marekani unayoniletea. Sasa fikiri, Mama Elia. Mtoto akibatizwa anapelekwa wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi?"

Hapo nikaona. Naona Jumapili zote za ubatizo, akina mama wamepanga mstari, watoto wamefungwa kwenye vile vitambaa vya kutu na vya moshi ambavyo mimi, muuza vitambaa, niliviona kwa macho yangu na kuviita mitumba iliyochuja. Miaka yote niliyomhurumia, nguo yake ilikuwa inapanda pale, kipande kwa kipande, hadi miguuni pa madhabahu, na wazee wanaiwekea mikono wanaibariki.

"Na wakizikojolea?" ndilo swali pekee lililonitoka.

"Waache wakojoe! Mkojo ndio unaoshikisha rangi." Alicheka mpaka ungo ukayumba. "Mahameli yenu nani ameikojolea? Ndiyo maana imepauka."

Tukacheka wote, kisha mimi nikalia, naye akaniacha nilie, akaendelea kuchambua majani.

Jumapili ya ubatizo iliyofuata nilikaa kiti cha mbele. Walikuja kwenye mstari: wekundu wa Buger, kahawia ya Wasso, weusi wa Digodigo. Mchungaji alikuwa ameshainua mkono wenye maji wakati mtoto wa mwisho alipoamua kujisaidia, na kwa nguvu, mbeleko ikalowa mpaka ikachuruzika. Mama yake, binti mdogo, alitaka kuzama chini kwa aibu. Akaanza kuikunja mbeleko aifiche. Nikajikuta nimesimama, na kanisa zima limegeuka kunitazama.

"Iache, mwanangu," nilimwambia. "Rangi inashika."